Gesi au umeme? Hesabu ya joto la vifaranga na maji ya moto kabla ya kuku wa Krismasi



Kila ikifika Oktoba simu yangu huwa na swali moja: "Afisa, bruda niweke gesi au umeme?" Wengi wanaouliza ni wale wanaolenga kuku wa Krismasi, na wana sababu. Desemba watu wetu wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na kwingineko, kila kibanja kina wageni, na kuku anauzika bila kubembelezana sana. Tatizo ni kalenda. Broila wa kuuzwa tarehe 20 Desemba anatakiwa awe ameingia bandani wiki ya kwanza au ya pili ya Novemba. Na Novemba huku kwetu Bukoba na Muleba ni mvua, radi na senene. Wiki ambazo kifaranga anataka joto kuliko wakati wowote wa maisha yake ndizo wiki za baridi, tena ndizo umeme unapokatika ovyo.

Wengine safari hii mmeingia kwa mkopo wa kikundi, ile asilimia 10 ya halmashauri. Mkopo ule hauna riba lakini una marejesho, na marejesho hayaulizi kama vifaranga walikufa kwa baridi. Kwa hiyo leo tukae na kalkuleta. Tutaangalia joto la bruda, halafu maji ya moto ya nyumbani na bandani, halafu nitasema ningefanya nini kwa kila aina ya mfugaji.

Kwanza tuelewane: gesi ipi?

Kuna kijana wa Kamachumu aliniuliza kwa nini gesi yetu ya Mtwara ni ghali huku. Jibu ni kwamba anayoipika siyo ya Mtwara. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay husafirishwa kwa bomba. Bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na sehemu kubwa ya gesi hiyo inazalisha umeme na kuendesha viwanda. Nyumba zilizounganishwa moja kwa moja ziko maeneo kama Dar, Mtwara na Lindi. Kagera hatuna bomba la gesi.

Ile ya kwenye mtungi ni gesi ya mafuta ya petroli iliyogandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Inaingia nchini kwa meli, halafu inapanda lori mpaka Bukoba. Ndiyo maana bei yake inacheza na soko la dunia na gharama ya usafiri. Ya tatu ni biogesi, inayotokana na samadi ya ng'ombe wako mwenyewe. Hiyo nitaifikia, msiikimbie.

Bei ya joto, siyo bei ya mtungi

Kosa ninalokutana nalo ni kulinganisha mtungi na LUKU: "Mtungi elfu sitini, umeme naweka elfu ishirini, basi umeme nafuu." Hapo hujalinganisha kitu. Tunachonunua ni joto, kwa hiyo kila kitu tukigeuze kiwe uniti, zile zile za mita yako.

Umeme: kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa D1 analipa sh 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa T1 analipa sh 292. Hapo bado VAT na makato ya REA na EWURA. Ukijumlisha, D1 inafika kama sh 122 na T1 kama sh 356 kwa uniti. Usinikariri mimi. Chukua risiti yako ya mwisho, gawa fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata, toa kodi ya jengo kama imekatwa siku hiyo. Namba utakayopata ndiyo bei yako.

Gesi ya mtungi: kilo moja ina joto la karibu uniti 12.8. Tuchukue mfano wa mtungi wa kilo 15 kwa sh 60,000, yaani sh 4,000 kwa kilo. Gawa kwa 12.8, unapata kama sh 312 kwa uniti. Kama dukani kwenu ni bei nyingine, weka yenu.

Umeona? Kwa mteja wa T1, umeme sh 356, gesi sh 312. Ziko pua kwa pua. Anayekuambia moja ni rahisi kuliko nyingine mara tatu hajapiga hesabu.

Sasa tahadhari kwa wale wa D1. Ile sh 122 ni tamu, ila ina mpaka. Ukivuka uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ya juu inapanda mpaka zaidi ya sh 400 pamoja na kodi, na matumizi makubwa yakiendelea unaweza kuhamishiwa T1. Bruda ya vifaranga 300 inamaliza uniti 75 katika siku tatu au nne. Kwa hiyo usipige bajeti ya bruda kwa bei ya D1.

Mfano: vifaranga 300, wiki tatu

Tuseme una balbu nne za joto, kila moja wati 250. Zote zikiwaka ni kilowati moja, yaani uniti moja kila saa.

Wiki ya kwanza, saa 24 kwa siku: uniti 168.
Wiki ya pili, saa 16 kwa siku (mchana jua likitoka unazima): uniti 112.
Wiki ya tatu, balbu mbili saa 12 za usiku: uniti 42.

Jumla uniti 322. Kwa bei ya T1 ni kama sh 114,600, sawa na sh 382 kwa kila kifaranga.

Joto hilohilo kwa gesi ni kama kilo 25, yaani sh 100,000. Ila gesi inahitaji madirisha yawe wazi kidogo, na joto kiasi litatoka nje, kwa hiyo ongeza kilo kadhaa. Utamaliza mitungi miwili ya kilo 15, sh 120,000. Tofauti na umeme ni kama sh 5,000 tu. Bei haiwezi kukuamulia. Tuangalie yanayoamua.

Umeme una nini, gesi ina nini

Umeme ni mkavu na safi. Balbu haili hewa ya vifaranga na haitoi moshi. Unaweza kuipandisha au kuishusha kwa mnyororo, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuisimamia. Shida yake mnaijua. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na Muleba umetegemea njia iliyopita Masaka, Uganda, mpaka Kyaka. Kazi ya kutuunganisha na gridi ya taifa ni habari njema, lakini hata gridi ikija, mti ukianguka kwenye waya Izigo au radi ikapiga transfoma ya kijijini kwenu, usiku huo uko gizani.

Gesi haiogopi radi. Mtungi uko hapo na joto lake ni kubwa, kwa hiyo hita moja ndogo ya gesi inahudumia vifaranga wengi kuliko balbu nne. Ila gesi ina mambo mawili ambayo muuzaji hakuambii.

La kwanza ni maji. Kila kilo ya gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji wa kilo moja na nusu na ushee. Kilo 25 ni kama lita 40 za maji ulizomwaga hewani ndani ya banda. Sasa fikiria Novemba ya kwetu, nje kunanyesha, ndani umefunga turubai pande zote, na gesi inamwaga mvuke. Maranda yanalowa, na maranda mabichi yenye joto ndiyo nyumba ya koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Mfugaji anasema dawa haifanyi kazi, kumbe banda linanyeshewa kutoka ndani. Ukitumia gesi, acha uwazi juu ukutani pande mbili, geuza maranda kila asubuhi na toa yaliyoshikana.

La pili ni uzito. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa chini, palepale vifaranga walipo. Mtungi uwe nje ya banda umesimama wima, mpira upite ukutani, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye regulata na maungio. Povu likivimba, funga. Usipime kwa kiberiti.

Mkaa, na kwa nini naukemea

Najua wengi bado mnaweka jiko la mkaa au chungu. Sitasema uongo, unaleta joto. Lakini mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Unaua vifaranga, na unaua binadamu. Kijana analala kwenye banda ili alinde mali, anavuta jiko karibu kwa sababu ya baridi, anaziba mwanya wa mlango kwa gunia, asubuhi haamki. Kuku 300 wanaweza kununuliwa tena. Mtu hanunuliwi. Kama huna njia nyingine usiku huo, jiko liwashwe nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, madirisha ya juu yabaki wazi, na mtu asilale humo hata kwa saa moja. Na gesi nayo ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa sumu hiyohiyo. Mwali ukiwa wa njano badala ya bluu, zima na safisha kichomeo.

Saa mbili usiku, umeme umekatika

Hapa ndipo faida ya Krismasi inapopatikana au inapopotea. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 mahali alipo yeye, chini, siyo kichwani kwako. Kila wiki unapunguza nyuzi mbili au tatu. Usiku wa Bukoba unaweza kushuka mpaka nyuzi 16 au 17. Umeme ukienda, vifaranga wanarundikana kutafuta joto, wa chini wanakosa hewa, na asubuhi unaokota maiti. Kama kifaranga ulimnunua sh 1,800, hamsini wakifa umepoteza sh 90,000 kwa usiku mmoja. Hiyo ni karibu bajeti yote ya gesi ya wiki tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: swali la gesi au umeme lina jibu dogo, kwa sababu bei zinafanana. Swali kubwa ni "cha pili ni nini?" Banda lenye chanzo kimoja cha joto halijawa tayari kupokea vifaranga.

Cha pili si lazima kiwe cha gharama. Chukua dumu la lita tano, jaza maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, funga vizuri, lizungushie gunia, liweke katikati ya bruda. Likipoa kutoka 80 mpaka 35 linatoa joto la robo uniti, yaani sawa na balbu moja ya wati 250 kwa saa moja. Madumu manne ni bruda nzima kwa saa moja. Mzunguko wa pili unaandaliwa wakati wa kwanza unapoa. Kwa jiko la gesi na sufuria kubwa, unavuka usiku. Vijana wawili wa Nshamba walivuka saa tano za giza hivyo, na asubuhi walihesabu vifaranga waliokufa kwa vidole vya mkono mmoja.

Na kabla ya kununua joto, zuia lisitoroke. Mduara wa bruda uwe mdogo kwanza, upanue kadiri wanavyokua. Maranda yawe mazito, sentimita tano au zaidi. Weka kifuniko cha gunia au kitenge juu ya nusu ya mduara. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe wanaongea: wakirundikana chini ya balbu wana baridi, wakikimbilia ukingoni na kutweta wana joto, wakijibana upande mmoja kuna upepo unapita. Wakitawanyika na kula kimyakimya, nenda kalale.

Maji ya moto: hapa umeme unashinda

Kwenye maji mambo yanabadilika. Kwenye bruda joto lote la gesi linabaki chumbani. Kwenye sufuria, karibu nusu inapita pembeni na kwenda zake. Hita ya umeme iko ndani ya maji, karibu joto lote linaingia.

Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 20 mpaka 60, inataka karibu uniti moja. Nyuzi 60 zinatosha kuoshea vyombo vya maziwa kwa sabuni, na ndizo za kunyonyolea kuku. Kwa T1 ni kama sh 356. Kwa D1, kama bado uko chini ya uniti 75, ni sh 122. Kwa gesi ni gramu 150 hivi, yaani sh 600.

Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa anayetumia ndoo moja kwa siku kwa viwele, vyombo na ndama, kwa mwezi ni uniti 30. Kwa T1 ni sh 10,700 hivi, kwa gesi sh 18,000. Hapo ni ng'ombe tu, hujaweka kuoga kwa familia. Kwa hiyo kama umeme upo, maji chemsha kwa umeme, gesi iachie kupikia na dharura. Na usichemshe maji yote mpaka yatokote kama unachohitaji ni ya uvuguvugu tu. Umelipia joto ambalo hukulihitaji.

Ila usalama. Ile hita ya kuzamisha kwenye ndoo haiguswi wala maji hayapimwi kwa kidole mpaka plagi itoke ukutani. Nyaya nyembamba za taa hazibebi hita. Mwite fundi aweke waya mnene, swichi yake na waya wa ardhi. Banda la maziwa sakafu ni mbichi muda wote, na ng'ombe anashtuka kwa umeme haraka kuliko wewe.

Biogesi: yenye joto la bure, na samadi inabaki

Kwa mwenye ng'ombe wa ndani, hesabu inageuka kabisa. Ng'ombe wawili wa kisasa wanatoa si chini ya kilo 40 za samadi mbichi kwa siku. Ukichanganya na maji kiasi kilekile kwenye mtambo uliojengwa vizuri, unapata gesi yenye joto kama la nusu kilo ya gesi ya mtungi kila siku. Kwa mwezi ni sawa na mtungi mmoja wa kilo 15. Sh 60,000 zinabaki mfukoni, mwezi baada ya mwezi.

Pingamizi ninalokutana nalo huku ni la wazee, na ni la maana: "Samadi ni ya kibanja. Ukiichoma, migomba itakula nini?" Mzee ana haki ya kuuliza, migomba yetu imeishi kwa samadi vizazi na vizazi. Jibu ni kwamba mtambo unachukua kaboni, unaacha chakula cha mgomba. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu vinatoka kwenye tope upande wa pili, tena katika hali ambayo mmea unaichukua haraka. Samadi iliyoachwa wazi mvuani ndiyo inayopoteza nguvu. Peleka tope kwenye shimo la mboji lenye kivuli au moja kwa moja kwenye mashimo ya migomba, lifunike na nyasi. Mzee akiona mikungu, mjadala unaisha.

Msidanganyike kwamba ni kazi ndogo. Ujenzi unataka mtaji na fundi mwenye mafunzo. CAMARTEC na programu ya taifa ya biogesi iliyoanza 2009 walifundisha mafundi wa mitambo ya kuba, ulizia aliyewahi kujenga na ukaone kazi yake ikiwa inawaka. Na usiunganishe biogesi kwenye jiko la mtungi bila kubadilisha tundu la kichomeo. Mgandamizo wake ni mdogo, haitawaka vizuri.

Ningefanya nini

Vifaranga chini ya 100: balbu mbili za umeme, madumu manne na jiko la gesi la mtungi mdogo. Usinunue hita ya gesi.

Vifaranga 300 hadi 500, umeme wenu unakatika mara chache: umeme uwe mkuu, mtungi mmoja uliojaa na hita ya gesi vikae tayari, vimejaribiwa kabla vifaranga hawajafika.

Vifaranga 500 na kuendelea, au umeme wenu ni wa kubahatisha: gesi iwe kuu, mitungi miwili, kimoja kinatumika kingine kimejaa. Nusu ya bajeti ya akili yako iende kwenye uingizaji hewa na ukavu wa maranda.

Una ng'ombe wawili au zaidi wa ndani: maji kwa umeme msimu huu, na anza kuweka akiba ya mtambo wa biogesi. Jenga wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, shimo lisijae maji ya mvua.

Wiki moja kabla vifaranga hawajaingia, washa bruda yako usiku kucha ikiwa tupu. Saa tatu usiku zima chanzo kikuu kwa makusudi, uone kama cha pili kinawaka na kama joto linabaki juu ya nyuzi 30 pale chini. Ukifeli siku hiyo umepoteza usingizi tu. Bado una siku sita za kurekebisha kabla boksi la vifaranga halijashuka kwenye basi.

Anayetaka tupige hesabu ya banda lake, anitumie idadi ya vifaranga, picha ya risiti ya LUKU na bei ya mtungi ya dukani kwao. Kazi njema, na mvua iwe ya baraka.